Kitabu cha uhunzi cha Alexander Weygers, yule mzee wa sahani inayoruka

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke nayo: nyota tano. Kasoro zipo na nitazitaja huko chini bila kuzifunika, ila nyota tano zinabaki palepale. Kitabu kinaitwa The Complete Modern Blacksmith, mwandishi Alexander Weygers, kimetolewa na Ten Speed Press mwaka 1997, na ukweli ni kwamba hivi ni vitabu vitatu vimeunganishwa vikawa kimoja, yaani The Making of Tools cha 1973, The Modern Blacksmith cha 1974 na The Recycling, Use and Repair of Tools cha 1978. Jumla kurasa kama 300 hivi, jalada laini, kiingereza kitupu, michoro mpaka basi. Mzee mwenyewe alifariki 1989 kwahiyo hakuwahi kuviona vikiwa pamoja namna hii.

Sasa wanaokitafuta hiki kitabu wako wa aina mbili. Kuna mafundi na wachongaji, hawa kwa kawaida wameelekezwa na fundi mwenzao, wanataka kujua patasi au nyundo inatengenezwaje kwa mkono. Halafu kuna wale waliokutana na jina la Weygers kwenye stori za visahani vya angani, wakaambiwa huyu ndo mtu aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya ndege ya umbo la sahani mwaka 1945, miaka miwili kabla Marekani nzima haijaanza kelele za visahani, wakaenda kutafuta ameandika nini maishani mwake wakakuta kitabu cha uhunzi, wakabaki wanashangaa. Mi nawaambia wote mko sehemu sahihi, na hasa nyie wa sahani, maana nilipokisoma hiki kitabu ndo nikamwelewa yule mtu na ndege yake kuliko makala zote nilizowahi kupitia.

Tuanze na kazi yenyewe. Weygers ana msimamo mmoja na hauachi kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho: kifaa cha kazi unaweza kukitengeneza mwenyewe, na chuma cha kukitengenezea kipo tayari, kimetupwa na mtu mwingine. Springi ya gari, ekseli, kipande cha msumeno, tupa iliyokwisha meno, kipande cha reli, vyote hivyo kwake ni malighafi ya daraja la kwanza, na anakueleza kwa nini, kwamba kiwanda kilishalipia kile chuma kizuri, chenye kaboni ya kutosha kukubali ugumu, kwahiyo ukikiokota jalalani unaokota chuma bora kuliko ile nondo laini utakayouziwa dukani. Hapo ndo nilianza kumwamini, maana fundi yeyote aliyewahi kujaribu kutengeneza tindo kwa nondo ya kawaida anajua kinachotokea, unainoa vizuri inapendeza, unagonga mara mbili tatu mdomo umejikunja.

Anaanza na vitu vidogo, bisibisi, tindo, kifaa cha kuwekea alama kwenye chuma, afu taratibu anakupandisha kwenda kwenye patasi za kuchongea mbao, vifaa vya kuchongea mawe, nyundo za aina aina, bawaba za milango, koleo, mpaka mkasi wa kukatia bati. Na humo katikati kuna namna ya kupata fuawe, yaani lile chuma zito ambalo mhunzi anafulia juu yake, kutokana na kipande cha reli, ambayo kwangu mimi ni sehemu inayotosha peke yake kununua kitabu, kwasababu fuawe nzuri ndo kitu kinachowakwamisha watu wengi kuanza hii kazi, ni ghali na ni nzito kusafirisha, wakati reli ni chuma kigumu kilichozoea kupigwa na magurudumu ya treni maisha yake yote.

Sehemu ya kutia ugumu ndo roho ya kitabu na hapa lazima nikae kidogo. Kwa wasiojua, chuma chenye kaboni ya kutosha ukikipasha mpaka kiwe chekundu cha kung'aa halafu ukakichovya ghafla kwenye maji au mafuta kinakuwa kigumu sana, kigumu kiasi kwamba tupa inateleza juu yake bila kuuma, ila kwa hali hiyo kinavunjika kirahisi mno, ukikiangusha kwenye sakafu ya saruji kinaweza kupasuka vipande. Kwahiyo inabidi ukipashe tena kidogo, moto mdogo tu, ili ule ugumu upungue na ukakamavu uingie. Na swali ni kidogo kiasi gani. Viwandani kuna vipimajoto na matanuri maalum, lakini Weygers anakufundisha kutumia macho. Unasugua chuma mpaka kinang'aa, unakipasha polepole, na juu ya ile sehemu inayong'aa rangi zinaanza kupita, manjano ya nyasi kavu kwenye kama nyuzi 220 au 230 za selsiasi, halafu kahawia karibu na 260, zambarau karibu na 280, bluu kama 300. Kila rangi ina kazi yake. Kifaa kinachohitaji kukata kitu kigumu bila kupigwa nyundo unakisimamisha kwenye manjano, patasi ya mbao unaiachia isogee mbele ya hapo kuelekea kahawia, tindo inayopigwa nyundo kutwa nzima unaiacha ifike zambarau, bisibisi na springi zinaenda hadi bluu kwasababu hizo zinatakiwa zipinde kidogo bila kukatika.

Njia yake ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kutumia moto uliobaki ndani ya chuma chenyewe, yaani unapasha sehemu ya mbele ya kifaa, unachovya ncha tu, unaitoa, unaisugua haraka ing'ae, halafu unaangalia rangi zikitembea kutoka nyuma zinakuja kwenye ncha, na zamu ya rangi unayoitaka ikifika pale kwenye makali unachovya chote, kazi imeisha. Moto mmoja tu umefanya kazi mbili. Hii njia ni ya kale na wahunzi wa sehemu nyingi duniani wanaijua, yeye hajidai ameigundua, lakini sijaona mtu aliyeieleza kwa maneno machache hivi na mchoro mmoja ukaeleweka. Mi naongezea kitu kimoja kwa anayeanza, shika sumaku karibu, kwasababu chuma kikifika kwenye kama nyuzi 770 sumaku inaacha kukishika na ukipasha kidogo tu kupita hapo ndo wakati wa kuchovya unakuwa umewadia, macho peke yake yanadanganywa na mwanga wa jua, ndo maana wahunzi wengi wanapenda kufanya hii hatua kwenye kivuli.

Na sasa michoro. Aisee hii michoro. Yote kaichora yeye kwa mkono wake, na siyo ile michoro ya kitaalamu iliyokauka ambayo unaangalia ukahisi unafanya mtihani, ni michoro ya mtu ambaye ameshika hicho kitu, anajua mkono unakaa wapi, anajua chuma kinavyojikunja kikipigwa pembeni. Kwenye ukurasa mmoja unakuta hatua zote za kifaa kimoja zimepangwa, kipande cha springi kikiwa bado springi, kikiwa kimenyooshwa, kikiwa kimefuliwa upana, kikiwa kimekatwa, kikiwa na mpini, na mishale midogo inakuonyesha pigo linatoka wapi na chuma kinakimbilia wapi. Mtu asiyejua kiingereza vizuri akipewa hiki kitabu pamoja na vyuma na moto nina uhakika atatengeneza patasi, maana nusu ya somo haiko kwenye maneno.

Hapa ndo lazima tuongee kuhusu huyu mtu ni nani, kwasababu huo mkono haukutoka hewani.

Weygers alizaliwa 1901 kisiwani Java, enzi hizo ikiwa koloni la Waholanzi, wazazi wake Waholanzi, akapelekwa Uholanzi kusoma akiwa kijana, akasomea uhandisi wa mitambo na ujenzi wa meli. Ndo maana uhunzi ulimkaa mkononi mapema, injinia wa wakati ule alikuwa anafundishwa kufua chuma mwenyewe kabla hajaruhusiwa kukaa kwenye meza ya kuchora, kitu ambacho binafsi naona kilikuwa na akili sana. Mwaka 1926 akahamia Marekani na mkewe Jacoba Hutter, wakakaa Seattle, yeye akifanya kazi za meli. Mwaka 1928 Jacoba akafariki wakati wa kujifungua, na mtoto naye hakupona. Baada ya hapo Weygers aliachana na uhandisi akageukia sanaa, akaenda Chicago kujifunza uchongaji wa sanamu kwa Lorado Taft ambaye wakati ule alikuwa jina kubwa la uchongaji Marekani, akaenda Ulaya pia kuendelea kujifunza, akarudi akafungua karakana yake Berkeley, California. Sanamu, michoro ya kuchonga kwenye mbao, picha za kamera, vyote alifanya na vyote alifanya vizuri, na wakati huohuo kichwani alikuwa anabeba mchoro wa ndege tangu mwishoni mwa miaka ya 1920.

Hiyo ndege aliiita Discopter. Maombi ya hataza aliyapeleka mwaka 1944, akapewa tarehe 5 Juni 1945, namba 2,377,835, na hiyo hati ni ya umma, mtu yeyote anaweza kuitafuta kwa namba kwenye kumbukumbu za hataza za Marekani akaisoma bure. Nawashauri sana muifungue mkiwa na kitabu pembeni. Utaona ni mkono uleule. Umbo ni la sahani, chumba cha watu kipo katikati, na mapanga yanayozungusha hewa hayako nje kama kwenye helikopta bali yamefichwa ndani ya ukingo wa mviringo, yako mawili, moja linazunguka huku jingine kule, hewa inanyonywa juu inasukumwa chini. Sababu ya kuwa mawili ni ya kiufundi kabisa, panga moja likizunguka upande mmoja mwili wa ndege unataka kuzunguka upande wa pili, ndo maana helikopta ya kawaida ina kile kipanga kidogo cha mkiani, sasa ukiweka mawili yanayopingana nguvu zinafutana na mkia hauhitajiki tena.

Kwa nini ayafiche ndani? Hapo ndo injinia na msanii wanakutana. Mapanga ya helikopta yakiwa wazi ni hatari kwa watu walio chini na ni hatari kwa ndege yenyewe, yakigusa mti au ukuta au waya basi. Akafikiria chombo kinachoweza kutua katikati ya mji, juu ya paa, karibu na watu, bila kumkata mtu kichwa. Akachora mpaka miji yenyewe, San Francisco ya baadaye ikiwa na vituo vya kutua hivyo vyombo, na ukiangalia ile michoro unamuona mtu ambaye hakuwa anaota ota tu, alikuwa anafikiria abiria atapandia wapi. Na kumbuka wazo lilimjia kabla helikopta haijawa kitu cha kueleweka, ile helikopta VS-300 ya Igor Sikorsky imeruka mara ya kwanza 1939.

Alipeleka mapendekezo yake jeshini na kwa makampuni ya ndege. Hakuna aliyeijenga. Halafu ikaja Juni 1947, rubani Kenneth Arnold akasema ameona vyombo tisa vinavyong'aa vikipita kwa kasi karibu na mlima Rainier, magazeti yakavipa jina la visahani, Julai ikafuata habari ya Roswell, yaani madai kwamba kisahani kimeanguka karibu na mji huo, na ghafla kila mtu Marekani anaangalia juu, wakati mchoro wa sahani inayoruka ulikuwa umekaa kwenye makabati ya serikali ukiwa na jina na saini ya mchongaji wa California. Miaka iliyofuata kampuni ya Avro Canada kwa pesa za jeshi la Marekani ikajenga kweli chombo cha umbo la sahani, Avrocar, upana wake kama mita 5.5, kina injini tatu za jeti zinazozungusha feni kubwa ya katikati. Weygers aliamini wazo lake limechukuliwa na lilimuuma mpaka uzeeni. Avrocar yenyewe haikufika popote, ilijaribiwa kati ya 1959 na 1961, ikawa inaelea vizuri ikiwa karibu na ardhi lakini ikipanda kama mita moja hivi inaanza kuyumbayumba kwasababu ile hewa iliyobanwa chini yake na kuishikilia inaisha, mradi ukafutwa. Moja ya zile mbili zilizojengwa ipo kwenye makumbusho ya jeshi la anga Dayton, Ohio.

Na kwa uaminifu niseme, hata Discopter ingejengwa wakati ule nadhani ingekutana na tatizo lilelile. Chombo cha mviringo hakina mbele wala nyuma, hakina mkia wa kukinyoosha, kinahitaji kurekebishwa kila sekunde ili kisipinduke, na kazi hiyo binadamu kwa mkono wake haiwezi, inahitaji kompyuta ambazo miaka ya 1940 hazikuwepo. Leo droni ndogo zenye feni zilizofungiwa ndani ya duara zinaruka kila mahali kwasababu kuna kifaa kidogo ndani kinachofanya hiyo hesabu. Sisemi alizivumbua hizo, ila wazo la kufungia mapanga ndani ili yasiumize mtu alilishika mapema na kwa sababu sahihi, na jina lake hutajwa mara chache sana, na hilo linaniudhi.

Sasa turudi kwenye kitabu maana hapa ndo hoja yangu. Ndege inahitaji kiwanda, jeshi, mamilioni, watu wengi wakubali kwa wakati mmoja. Weygers aliomba hivyo vyote akanyimwa. Akachukua kipande cha ardhi Carmel Valley huko California, yeye na mke wake wa pili Marian wakajenga nyumba kwa mikono yao kwa kutumia sana vitu vilivyotupwa na wengine, wakaishi kwa kidogo, na hapo akawa anapokea wanafunzi na kuwafundisha kufua chuma na kuchonga. Kitabu kimetoka kwenye hayo masomo. Ukikisoma ukijua hiyo historia unaona kila ukurasa umeandikwa na mtu ambaye ameamua hatasubiri tena ruhusa ya mtu. Huna fuawe, chukua reli. Huna patasi, chukua springi. Akili ileile iliyochora Discopter, ile ya kuona kitu kizima kabla hakijakuwepo na kujua kila kipande kinakaa wapi, safari hii ameipeleka kwenye vitu ambavyo mtu mmoja anaweza kuvimaliza kwa moto na nyundo. Ndo maana nasema wale wanaomkumbuka kwa sahani tu wanamkosa. Chombo chake kilichofanya kazi ni hiki kitabu, na kinafanya kazi mpaka leo mikononi mwa watu ambao hawajawahi hata kusikia habari ya ndege.

Kasoro. Ya kwanza, kwasababu ni vitabu vitatu kwa kimoja kuna mambo yanarudiwa, somo la kutia ugumu utalikuta zaidi ya mara moja na maelezo yanakaribiana, mchapishaji angeweza kuyapanga upya lakini yameachwa. Mimi sikuchukia sana kwasababu ndo somo gumu kuliko yote na kurudiwa kunasaidia, ila mtu anayesoma mfululizo atachoka.

Ya pili vipimo ni vya inchi na farenhaiti, inabidi uwe unageuza, inchi moja ni milimita 25.4, na kwa kazi ya kufua hiyo siyo shida kubwa kwasababu mwisho wa siku unapima kwa jicho, ila kwenye bawaba na vitu vinavyotakiwa kuingiliana inachosha.

Ya tatu, na hii ni nzito zaidi, vyuma vya magari vimebadilika tangu miaka ya 1970. Alivyokuwa akiokota springi au ekseli wakati ule alikuwa na uhakika mkubwa wa kilichomo ndani, leo kuna mchanganyiko wa aina nyingi, kuna vyuma vinapasuka ukivichovya kwenye maji, kuna vingine havikubali ugumu kabisa hata ufanyeje. Kwahiyo usichukue kipande ukatumia masaa kukifua kabla hujakijaribu. Kata kipande kidogo pembeni, kipashe, kichovye kwenye mafuta kwanza, kijaribu kwa tupa, tupa ikiteleza endelea. Mafuta ni salama zaidi kuliko maji kwa chuma usichokijua kwasababu yanapoza taratibu zaidi, na hilo wanaoanza mlishike.

Ya nne ni usalama. Kitabu ni cha zamani na kinaongea na mtu mzima anayejua kujilinda, wala hakina yale maonyo ya kila ukurasa tuliyozoea siku hizi, sasa mimi nitayasema: vaa miwani ya kinga muda wote, hasa unapopiga chuma kigumu juu ya chuma kigumu, usipige kabisa uso wa fuawe au nyundo nyingine kwa nyundo kwasababu vipande vinaruka, na usiweke motoni kitu chochote chenye zinki, yale mabati na mabomba yenye rangi ya fedha, moshi wake unaumiza mapafu na watu wanaugua kweli. Na springi ya gari iliyojikunja duara usiikate ikiwa bado imebanwa kwenye gari, iachie kwanza.

Mtu anayetaka picha za rangi na vifaa vya kisasa, hiki si chake. Hakuna kurasa za kung'aa. Anayetaka kutengeneza visu vya mapambo pia atakuta vitabu vingine vimeingia ndani zaidi kwenye hilo. Na anayetaka kusoma habari za Discopter humu ndani asitegemee, hiki ni kitabu cha kazi, mzee hakuja kulalamika humu, hiyo habari utaifuata kwenye hati ya hataza.

Lakini kama we ni mchongaji wa mbao au mawe, kinunue bila kufikiria mara mbili, kwasababu hakijaandikwa na mhunzi aliyesikia kwamba kuna watu wanachonga, kimeandikwa na mchongaji aliyekuwa anatengeneza patasi zake mwenyewe kwa ajili ya kazi zake mwenyewe, na tofauti inaonekana kwenye jinsi anavyoeleza mkunjo wa makali, kwa nini patasi ya kuchimbia ndani iwe imepinda shingo, kwa nini mpini uwe na uzito fulani, vitu ambavyo mtengenezaji wa kiwandani havimhusu sana. Fundi wa kuchomelea naye atafaidika, maana wengi wetu tumezoea kukata na kuunga, hatujazoea kukipa chuma umbo kwa kukipiga, na ukishajua hilo unaacha kutupa vipande vingi sana ulivyokuwa unaviona ni uchafu. Walimu wa ufundi pia, kitabu hiki kinafundishika, masomo yake yamepangwa kutoka rahisi kwenda gumu na kila somo mwanafunzi anaondoka na kifaa mkononi.

Kuhusu toleo, tafuta hili la pamoja la Ten Speed Press na siyo vile vitatu vya mwanzo kimoja kimoja, isipokuwa kama we ni mkusanyaji wa vitabu vya zamani, maana kuvipata vyote vitatu ni kazi na pesa utakayotumia ni zaidi. Hakikisha nakala yako imechapwa vizuri, mistari ya michoro iwe imekolea, kwasababu nakala za kutoa fotokopi zinapoteza ile mishale midogo na bila mishale umepoteza somo. Ukikipata usianze na fuawe ya reli hata kama ndo inakuvutia. Anza na tindo kwa kipande cha springi ya gari, itie ugumu, iache rangi ifike zambarau, igonge kwenye chuma laini mpaka uridhike na makali yake, halafu ndo ufungue kurasa za patasi.